Mkate wa kumimina wa jiko la mkaa, kama alivyonifundisha bibi

Bibi yangu alikuwa akipika mkate wa kumimina kila Alhamisi jioni, uani kwake Isevya, hapa Tabora. Nilianza kumshikia koleo nikiwa na miaka saba. Oveni hakuwa nayo. Alikuwa na jiko la mkaa, sufuria nene, na kifuniko cha bati kilichokunjwa ukingo ili makaa yasiporomoke. Mimi sasa napika mikate ya kuuza na oveni ninayo, lakini huu bado naupalia kwa mkaa, kwa sababu harufu ile umeme hauitoi.

Mahitaji

- Mchele vikombe 2 (kikombe cha mililita 250)
- Tui zito kikombe 1, na jingine kidogo la akiba
- Hamira kijiko 1 cha chai
- Iliki punje 8
- Sukari nusu kikombe
- Asali vijiko 3 vya chakula
- Ute wa yai 1
- Mafuta ya kupakaa sufuria

Asali iwe ya nyuki wakubwa. Ile ya nyuki wadogo ni nyepesi na ina uchachu. Bibi aliiweka kabatini kwa ajili ya kikohozi, hakuigusa kwa mapishi.

Hatua ya 1: Loweka mchele

Osha mpaka maji yatoke safi kabisa, kisha loweka usiku kucha. Punje iliyolowana vizuri ukiibana kwa kucha inasagika kama chaki. Ikikataa, ngoja.

Hatua ya 2: Saga

Bibi alitwanga kwenye kinu na kuchekecha, na kazi ya kuchekecha ilikuwa yangu. Wewe tumia blenda: mchele uliochujwa maji, tui na iliki. Saga hadi ukisugua rojo kati ya vidole usisikie chengachenga. Hamira itie mwishoni, rojo likiwa vuguvugu tu, maana blenda ikizunguka muda mrefu hupasha moto, na hamira ikiungua mkate hauumuki. Rojo liwe zito kiasi cha kutiririka kama utepe ukiinua upawa. Likiwa zito mno, ongeza tui la akiba kijiko kimoja kimoja.

Hatua ya 3: Umua

Funika, acha kama saa moja, lijae na kutoa mapovu. Juni na Julai, baridi ya Tabora inapokaza, huchukua muda zaidi. Bibi aliifunga bakuli kwa khanga na kuiweka karibu na jiko, upande usiopata upepo.

Hatua ya 4: Tia utamu

Sukari, asali na ute wa yai vinaingia sasa, rojo likishaumuka. Vyote vitatu vinalegeza rojo. Ukivitia mapema utadanganyika ukadhani tui limezidi. Koroga polepole, usiyaue mapovu.

Hatua ya 5: Moto

Hapa ndipo mkate unapopatikana au kupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Washa mkaa mpaka ushike wote na uanze kuvaa majivu meupe. Mkaa wa miti ya miyombo ni mzuri, unakaa na moto muda mrefu. Pasha sufuria na mafuta, mimina rojo. Lazima usikie *chwaa*. Usiposikia, mkate utaganda chini.

Subiri kingo zianze kutoboka vitundu, halafu gawa makaa: theluthi moja ibaki chini, theluthi mbili zipande juu ya kifuniko. Asali hubabuka upesi, ndiyo maana moto wa chini unakuwa mdogo.

Bibi alinishika mkono akauweka shubiri moja juu ya makaa ya kifuniko. "Mke mwenzangu, hesabu." Nikifika sita kabla ya kuondoa kiganja, moto ni sawa. Nikishindwa kufika nne, tunapunguza makaa mawili matatu. Mpaka leo napima hivyohivyo.

Hatua ya 6: Usifunue ovyo

Dakika 20 za mwanzo usiguse kifuniko. Siku moja nilikiinua kwa upande, nichungulie tu. Majivu yakamwagikia mkate, na katikati ukabonyea palepale. Bibi hakunigombeza. Alikwangua majivu kwa kijiko, akarudisha kifuniko, akasema, "Kinyanyue wima, kama unavyotua ndoo kichwani." Tuliula ule mkate uliobonyea, na yeye alichukua kipande cha katikati.

Baada ya dakika 25 hadi 30, chomeka njiti safi ya chelewa. Ikitoka kavu, umeiva. Ikitoka na rojo, funika tena dakika tano, usiongeze moto.

Hatua ya 7: Toa

Epua, acha upoe ndani ya sufuria mpaka kingo zijiachie zenyewe. Pitisha kisu pembeni, upindue juu ya sinia. Usikate ukiwa wa moto. Mchele bado unashikana, utanata kwenye kisu.

Ukoko ulioganda pembeni ya sufuria alikuwa akipewa aliyeshika koleo. Ukwangue ungali na uvuguvugu.