Kola moja kabla ya kazi ya mteja
Mwanafunzi wa ushonaji hapa Masasi anayetaka mkono wake ukomae, kila asubuhi baada ya sala na kabla ya kugusa kazi ya mteja, ashone kola moja kwa vipande vya kitambaa vilivyobaki, aiandike tarehe, kisha aitunge kwenye uzi pamoja na zilizotangulia. Kola ya leo ikilazwa juu ya ile ya juzi, ncha iliyopinda huonekana mara moja (yangu ya kwanza ilifanana na sikio la mbuzi), na kwa kuwa hakuna anayeilipia, hapo ndipo mtu hujipima kama kweli anafanya kazi kwa moyo, kama kwa Bwana, jinsi Paulo alivyowaagiza Wakolosai. Njia hii hushindwa pasipo fundi mzoefu wa kuzikagua, kwa maana kosa linalorudiwa hugeuka mazoea. Msimu wa korosho, oda zinaporundikana, upande mmoja wa kola unatosha.