Somo: Kuomba nyaraka za halmashauri, na la kufanya wakikunyima

Ndugu wanakikundi, wengi wetu huku Nyanda za Juu Kusini tunaomba kwa mdomo, ndiyo maana tunarudi mikono mitupu. Nami niliwahi kuzungushwa na ofisi moja, "njoo wiki ijayo", mpaka nauli ikaniishia. Inauma, kwa sababu fedha ni za kwetu. Haki ya kupata nyaraka hizi imo katika Ibara ya 18 ya Katiba ya Tanzania na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016.

Kwanza, taja karatasi yenyewe. Usiandike "naomba taarifa za zahanati". Andika: "naomba nakala ya makadirio ya ujenzi na hati za malipo ya fundi, zahanati ya kijiji chetu, mwaka wa fedha 2023/2024." Ombi pana hujibiwa kwa maneno mapana.

Pili, barua iende kwa Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri, ikiwa na jina na anwani yako. Toa nakala mbili, peleka masjala, yaani ofisi inayopokea na kutunza barua. Moja wabaki nayo, ya pili wakugongee mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Usiondoke bila mhuri huo! Sheria inawapa siku 30 kujibu, na bila tarehe utazihesabu kuanzia wapi?

Tatu, wakikataa, dai sababu kwa maandishi. Yapo yanayozuiwa kihalali: usalama wa taifa, upelelezi unaoendelea, faragha ya mtu. Kuambiwa tu "faili ni la siri" hakutoshi. Hukuridhika? Ndani ya siku 30 omba mapitio kwa mkuu wa taasisi, kisha kata rufaa kwa Waziri mwenye dhamana ya sheria.

MASWALI

Dada wa Kiwira: Mama yangu hajui kuandika. Afanyeje?
Aende aeleze kwa mdomo, ofisa aandike ombi lake. Umsindikize, dada, na mhuri auchukue vilevile.

Kaka wa Mafinga: Wakitaka hela?
Ada ya kugharamia nakala inaruhusiwa. Omba kumbukumbu namba ya malipo na risiti ya serikali, usimpe mtu mkononi.

Mzee wa Makete: Nikipewa, naweza kuirusha WhatsApp?
Shikamoo mzee. Irushe nzima, kurasa zote, usiongeze neno lako ndani yake. Kupotosha taarifa uliyopewa ni kosa lenye kifungo. Ila kabla ya hapo, isomeni kwanza kwenye mkutano mkuu wa kijiji, mtendaji akiwepo, iingie kwenye muhtasari.