Kusikiliza kwa OET: sauti inapita mara moja tu

Mara ya kwanza kufanya OET, mtihani wa Kiingereza wa wahudumu wa afya, kwenye kusikiliza nilipata 320 kati ya 500, na Kiingereza nimekiongea wodini miaka minane. Nafasi moja ya kujaza jibu ilinipita, nikaing'ang'ania. Nilipozinduka, mgonjwa alishatoka kwenye maumivu ya mgongo, yuko kwenye dawa za presha, na nafasi tatu ziko tupu. Sauti hairudiwi. Ndiyo maana kitu cha kwanza cha kujifunza ni kuachilia.

Sehemu ya kusikiliza ina maswali 42, kama dakika 45: sehemu A ina 24, B ina 6, C ina 12.

Hatua ya 1: Soma vichwa vya A. Hapa unasikiliza mgonjwa akiongea na mhudumu wa afya, unajaza nafasi kwenye maelezo yake. Unapewa sekunde 30 kabla ya kila mazungumzo. Usizimalize kwa kusoma neno kwa neno. Kamata vichwa vidogo, maana mazungumzo yanafuata mpangilio huohuo. Mgonjwa akianza kueleza kazi anayofanya, basi kichwa kimebadilika. Kilichokupita kiache, songa.

Hatua ya 2: Andika ulichosikia. Hapa manesi tunajikwaa sana. Mgonjwa amesema maumivu ni "throbbing", mkono unaandika "severe" kwa sababu ndivyo tunavyojaza faili kazini. Hakuna anayekupa alama kwa kujua tiba.

Hatua ya 3: Chukua karatasi ya mazoezi kwenye tovuti ya OET yenyewe, zipo za bure. Ifanye bila kusimamisha. Kisha fungua maandishi ya mazungumzo utafute sikio lilipopotea. Mimi niligundua kosa langu karibu kila mara lilikuja mara tu baada ya swali nililolisitia. Rudia kipande cha nusu dakika, andika kila neno, linganisha. Inachosha, kwa hiyo dakika kumi kwa siku zinatosha.

Hatua ya 4: Zoeza sikio lafudhi. Mwaustralia akisema "today", sikio la Nairobi linaweza kusikia "to die", na kwenye mazungumzo ya hospitali hilo si jambo dogo. Redio ya ABC ya huko ina vipindi vya afya. Visikilize ukiwa kwenye matatu ukitaka, lakini karatasi ya mazoezi ifanyie mahali patulivu. Kwenye matatu utakosa nusu, kisha ujilaumu bure.

B ni vipande vifupi vya mazungumzo ya kazini, kila swali na majibu matatu ya kuchagua; ni rahisi kwa anayepokea zamu kila asubuhi. Tahadhari moja tu: majibu yote matatu huguswa kwenye sauti, kwa hiyo neno linalofanana kabisa na la karatasi lishuku kwanza. C ni mhadhara au mahojiano, na una sekunde 90 za kusoma. Mara nyingi swali linataka msemaji anaonaje, kwa hiyo fuata maoni yake. Takwimu ziache zipite.

Maswali

Kaka wa Kangemi: Mimi ni mfamasia. Kuna karatasi yangu?
Hapana, kaka. Kusikiliza na kusoma ni kumoja kwa fani zote 12. Kuandika na kuongea ndiko kunakotofautiana.

Dada wa Umoja: Nikikosea tahajia ya "haemorrhage" je?
Kwenye kusikiliza, kosa dogo halikuangushi mradi neno lieleweke bila utata, na tahajia ya Kimarekani pia inakubalika. Lakini kwenye kusoma usithubutu.

Dada wa Umoja tena: Uingereza wanataka ngapi?
Baraza la wauguzi la huko, NMC, linataka 350 kwenye kusikiliza, kusoma na kuongea, na 300 kwenye kuandika.

Mama wa watoto wawili, Embakasi: Natoka zamu ya usiku, nifanye saa ngapi?
Usifanye ukitoka zamu, mama. Lala kwanza. Mimi nilikuwa nakaa jikoni saa kumi jioni kabla watoto hawajarudi shuleni, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya chai, nasikiliza kipande kimoja tu. Jumamosi ndiyo nilikuwa nafanya karatasi nzima.