Kabla ya kuvisoma Vita vya Mawaridi, andaa karatasi kubwa na penseli

Mtu anayetaka kuielewa historia ya Vita vya Mawaridi, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya kugombea kiti cha enzi cha Uingereza kati ya 1455 na 1487, asikimbilie uwanja wa mapigano. Nimewaona wasomaji makini wakiiacha njiani kwa sababu walianzia kwenye panga na mishale, na walipofika ukurasa wa thelathini hawakujua tena nani ni binamu ya nani. Historia hii inataka matayarisho, na ikitayarishiwa hulipa.

Tafuta kwanza karatasi pana, ya ukubwa wa kalenda ya ukutani, na penseli yenye kifutio. Juu kabisa andika Edward III, aliyefariki 1377. Chini yake panga wanawe watano waliofikia utu uzima, kwa kufuata walivyozaliwa: Edward, Lionel, John wa Gaunt, Duke wa Lancaster, Edmund, Duke wa York, na Thomas. Edward, kifungua mimba, alikufa mwaka mmoja kabla ya baba yake, hivyo ufalme ukamwendea mwanawe mdogo, Richard II. Mwaka 1399 Henry, mwana wa John wa Gaunt, alimng'oa binamu yake huyo akawa Henry IV. Chora mstari mzito hapo. Ugomvi wote unaofuata una mizizi katika mwaka huo.

Sasa fuata mstari wa Lionel. Alizaa binti, Philippa, na kizazi cha Philippa kikafika kwa Anne Mortimer, aliyeolewa na Richard, mwana wa Edmund wa York. Mtoto wao ndiye Richard, Duke wa York, aliyezaliwa 1411. Ukihesabu kwa kuumeni, watu wa Lancaster wanatangulia, maana wanatokana na mwana wa tatu na York anatokana na wa nne. Ukihesabu kwa kukeni, York anatangulia, maana damu ya mwana wa pili imemfikia kupitia wanawake. Je, haki ya kiti hupitia kwa mwanamke? Wafalme wa Uingereza walikuwa wakiidai Ufaransa kwa hoja hiyohiyo, kupitia Isabella, mama yake Edward III. Nyumbani kwao, watu wa Lancaster hawakutaka kuisikia.

Kifutio ni cha nini? Ni kwa sababu watu walihama upande. Richard Neville, Earl wa Warwick, alimsaidia Edward, mwana wa Duke wa York, kupata taji mwaka 1461 na kuwa Edward IV, kisha akamgeuka na mwaka 1470 akamrudisha kitini mfalme yuleyule waliyemwondoa pamoja, Henry VI wa Lancaster, mjukuu wa Henry IV. George, Duke wa Clarence, ndugu wa damu wa Edward IV, alijiunga na Warwick, akarudi kwa kaka yake mwaka 1471, na mwaka 1478 akauawa kwa kosa la uhaini. Usimkandamize mtu upande mmoja kwa wino.

Majina nayo yana mtego. Edward, Richard, Henry na Margaret wamejaa kila tawi, na cheo hubaki huku mwenye cheo akifa. Duke wa Somerset aliyeuawa St Albans mwaka 1455 alikuwa Edmund Beaufort. Duke wa Somerset aliyekatwa kichwa baada ya mapigano ya Hexham mwaka 1464 ni mwanawe Henry. Yule aliyekatwa kichwa baada ya Tewkesbury mwaka 1471 ni mwana mwingine, Edmund tena. Kila unapokutana na cheo, andika pembeni jina la mtu na mwaka wake wa kufa. Kazi hiyo inachosha, lakini sijaona njia ya mkato.

Kabla ya kuendelea, yafute maua kichwani. Waridi jeupe lilikuwa kweli mojawapo ya alama za ukoo wa York, lakini waridi jekundu halikuwa nembo ambayo askari wa Henry VI waliifuata vitani. Aliyeyaunganisha mawaridi mawili kuwa alama moja ni Henry VII baada ya ushindi wake, na jina la Vita vya Mawaridi lilienea karne ya 19. Vilevile usidhani kwamba mji wa York ulipigana na mji wa Lancaster. Hayo ni majina ya vyeo. Ardhi za Duke wa York zilitapakaa sehemu nyingi, zikiwemo za mpakani mwa Wales, na jimbo la Yorkshire lilikuwa na wengi waliosimama na Lancaster. Duke alipouawa Wakefield tarehe 30 Desemba 1460, kichwa chake kilitundikwa kwenye lango la mji wa York wenyewe, kikiwa na taji la karatasi.

Kalenda inahitaji tahadhari kidogo. Wakati ule Waingereza walianza mwaka mpya tarehe 25 Machi. Mapigano ya pili ya St Albans yalitokea tarehe 17 Februari, na ya Towton tarehe 29 Machi. Sisi tunayaweka yote 1461. Kwa hesabu yao, yale ya Februari yalikuwa ya 1460. Ukikuta vitabu viwili vinapishana mwaka mmoja, usikimbilie kusema mmoja amekosea.

Linalofuata ndilo ninaloliona kuwa zito kuliko yote, nalo ni kuelewa watu waliogopa nini. Henry VI alirithi ufalme mwaka 1422 akiwa na umri wa miezi tisa. Akakua kuwa mtu mpole, mcha Mungu, asiyeweza kuwatenganisha wakubwa waliogombana mbele yake. Mwaka 1450 Normandy, jimbo walilolishikilia Ufaransa, ilipotea, na deni la serikali lilikuwa limetajwa kuwa pauni 372,000. Julai 1453 jeshi la Waingereza lilivunjwa Castillon, huko Ufaransa, na mwezi uliofuata mfalme alipatwa na maradhi ya akili: hasemi, hatambui mtu. Oktoba mkewe, Margaret wa Anjou, akajifungua mwana, na baba hakumjua mwanawe mpaka mwisho wa mwaka 1454. Nchi isiyo na mfalme anayesema ilibaki mikononi mwa makabaila, kila mmoja na watu wake waliovaa nembo yake na kulipwa kwa mkataba.

Hata hapo York hakudai taji. Alitaka nafasi kwenye baraza, na adui yake Somerset aondolewe. Kilichofunga njia ya kurudi nyuma ni sheria. Novemba 1459 Bunge lililokaa Coventry lilimtangaza York, Warwick na wenzao kuwa wahaini. Tamko la namna hiyo halikuishia kwenye shingo ya mtu. Lilichukua ardhi yake, likafuta urithi wa watoto wake, kana kwamba damu yenyewe imeoza. Hebu jiweke mahali pake: ukiwa umenyang'anywa kila kitu kwa jina la mfalme huyu, usalama wako umebaki wapi kama si kwa mfalme mwingine? Oktoba 1460 York akaweka mkono wake juu ya kiti cha enzi mbele ya mabwana waliokusanyika Westminster. Ukilielewa tamko la uhaini, ukatili wa miaka iliyofuata hautakushangaza. Utaelewa pia kwa nini Henry Tudor, ndiye Henry VII, alipomshinda mfalme Richard III, ndugu mdogo wa Edward IV, pale Bosworth tarehe 22 Agosti 1485, aliuhesabu utawala wake kuanzia tarehe 21. Kwa siku hiyo moja, waliompigania mfalme wao halali wakageuka wahaini.

Idadi za waliokufa zisomwe kwa uangalifu. Barua za wakati huo zilitaja maiti 28,000 za Towton, vita vilivyopiganwa Jumapili ya Matawi huku theluji ikianguka. Wanahistoria wengi wanaona idadi hiyo ni kubwa mno kwa nchi yenye watu wapatao milioni mbili na ushei. Lakini kaburi la pamoja lililogunduliwa mwaka 1996 lilikuwa na mifupa ya wanaume karibu 40, mafuvu yao yamepasuliwa kwa mapigo mengi kupita yaliyohitajika kuua. Mifupa ile inanitosha.

Shakespeare, ambaye wasomaji wengi wa Kiswahili walimjua kupitia tafsiri za Mwalimu Nyerere, aliviandikia vita hivi zaidi ya miaka mia moja baadaye, chini ya malkia ambaye babu yake alikuwa Henry VII. Msome kwa uzuri wake, lakini usimfanye shahidi. Mifupa ya Richard III ilipofukuliwa chini ya maegesho ya magari huko Leicester mwaka 2012, uti wa mgongo ulikuwa umepinda kuelekea upande mmoja. Mkono uliokauka, kama unavyosimuliwa jukwaani, haukuwepo.

Afadhali utafute mapema barua za familia ya Paston wa Norfolk. Mwaka 1448, miaka saba kabla ya pigano la kwanza la St Albans, Margaret Paston alikuwa akilinda nyumba yao ya Gresham dhidi ya bwana mmoja aliyeitaka. Alimwandikia mumewe aliyekuwa London amletee pinde za kufyatua kwa mtambo, maana nyumba ni fupi na hakuna anayeweza kuvuta upinde mrefu kutokea ndani. Akaagiza mashoka ya vita ya kulindia milango. Katika barua hiyohiyo akaomba ratili moja ya lozi, ratili moja ya sukari, na kitambaa cha kuwashonea watoto nguo. Baadaye wavamizi walikuja, wakauchimba ukuta wa chumba alimokuwa, wakambeba nje ya lango. Barua hiyo iwe mezani unaposoma habari za wafalme.

Jambo la mwisho ni karatasi ile ya ukoo. Usiikate ilipofika Bosworth, wala kwenye pigano la mwisho la Stoke mwaka 1487. Acha nafasi chini ya jina la Clarence. Mwanawe Edward alifungiwa Mnara wa London akiwa na umri wa miaka kumi, akakatwa kichwa mwaka 1499. Binti yake Margaret Pole aliishi mpaka uzeeni, na mwaka 1541, akiwa na miaka 67, Henry VIII akaamuru naye akatwe kichwa.