Namna ya Kuchunguza Misimamo ya Kisiasa ya Vijana wa Mbeya na Iringa

Anayetaka kujua jinsi kizazi na asili vinavyojenga misimamo ya kisiasa ya vijana wa Mbeya au Iringa aanze kwa kuuliza mwaka wa kuzaliwa, kwa sababu kundi la "miaka 18 hadi 35" huwachanganya watu waliokulia katika siasa tofauti. Aliyezaliwa mwaka 1992, mfumo wa vyama vingi uliporejeshwa, alitimiza miaka 18 mwaka 2010, ilhali aliyezaliwa mwaka 2005 alianza shule majimbo ya Mbeya Mjini na Iringa Mjini yakiwa tayari yamechukuliwa na upinzani katika uchaguzi wa mwaka huo wa 2010.

Hata hivyo, mahojiano ya mara moja hayawezi kutenganisha umri na kizazi. Kijana mkosoaji wa leo huenda akatulia atakapopata shamba na watoto, au asitulie kabisa. Kumwuliza mzee alivyofikiri ujanani hakusaidii sana, kwani kumbukumbu hurekebishwa na yaliyofuata; ni afadhali kulinganisha majibu na ya tafiti za Afrobarometer, taasisi ya kupima maoni ya wananchi barani Afrika, iliyoanza kuwahoji Watanzania mwaka 2001.

Kuhusu asili, usinakili dodoso la Marekani. Huko swali la rangi lina uzito wa utumwa, wa sheria za ubaguzi na wa vizuizi vya kupiga kura vilivyopigwa marufuku kwa sheria ya 1965. Kwetu sensa ya mwisho kuuliza kabila ni ya 1967, na mtu akiulizwa kabila mwanzoni mwa mazungumzo ya siasa hujiuliza nani amekutuma. Liweke swali hilo mwishoni, baada ya kazi, kata na mahali walikozaliwa wazazi. Mkinga mwenye duka Mwanjelwa, jijini Mbeya, huenda akafanana zaidi na Mnyakyusa wa duka la jirani kuliko na binamu yake anayelima Makete, na usipouliza kazi utadhani misimamo yao imeletwa na kabila.

Uliza pia kijana alisimuliwa nini nyumbani, na nani. Isimani, mkoani Iringa, ambako mkulima Said Mwamwindi alimpiga risasi Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Kleruu, tarehe 25 Desemba 1971 katika mgogoro wa mashamba ya ujamaa, neno "ujamaa" linaweza kuwa na maana isiyopatikana katika kitabu cha shule.

Peleka barua ya utambulisho kwa mtendaji wa mtaa au kijiji kabla ya kumhoji yeyote, kisha mhoji kijana mbali na wazazi wake. Usiandike jina lake popote kwenye dodoso.