Kabla hujashika panga la msimu: jiandae na kidonda

Dodoma mvua ni za msimu mmoja, kwa hiyo zikikaribia sote tunakimbilia shamba kwa pamoja, mwenye uwele, mwenye alizeti, mwenye zabibu kule Mpunguzi. Kujikata kupo. Jiandae mapema.

Sindano ya pepopunda: kama hukumbuki ya mwisho ulichoma lini, pita zahanati wiki hii. Vijidudu vyake vinakaa kwenye udongo na samadi, na sisi zizi liko mlangoni.

Buti. Vaa.

Dumu la maji safi, sabuni, na kitambaa kilichofuliwa kikaanikwa juani. Kidonda kinaoshwa kwa maji mengi yanayotiririka. Spiriti usiimwage ndani ya nyama, inaunguza hata seli zinazojenga.

Sasa uvimbe. Hapa ndipo nilipoumia mimi. Msimu wa juzi panga liliteleza likanipiga kwenye muundi, kidonda urefu wa vidole vitatu. Kesho yake mguu umevimba, mwekundu, wa moto, unapwita usiku kucha. Nikaenda duka la dawa nikaomba "cha kushusha uvimbe". Nikapewa vidonge vidogo vyeupe kwenye kikaratasi, sikuuliza jina. Jirani naye akanishauri nipasue rangi mbili, kile kidonge cha antibiotiki chenye unga ndani, nimwagie unga wake juu. Nikamwagia. Siku ya tatu uvimbe umenywea, nikarudi kufyeka huku najisifu.

Mama watoto ndiye aliyeona. "Baba Neema, mbona hicho kidonda hakina hata damu?" Wiki ya pili kilikuwa wazi vilevile, kingo zimepauka kama nyama iliyolala buchani, na chini ya gamba la ule unga harufu imeanza. Zahanati muuguzi aliloweka gamba, akalibandua, usaha ukatoka. Kisha akaomba kuona vile vidonge. Predinisoloni. Steroidi, dawa inayozima uvimbe.

Alinieleza polepole. Ukikatwa, chembe sahani zinaziba damu na kuita msaada. Mishipa inatanuka na kuvujisha maji, ndiyo maana panakuwa pa moto, pekundu, pamevimba. Kupitia hapo zinaingia seli nyeupe ziitwazo nyutrofili. Zinaanza kufika ndani ya saa chache, zinajaa siku ya kwanza na ya pili, zinameza vijidudu na kufa navyo. Usaha sehemu kubwa ni mizoga yao. Nyuma yao zinakuja makrofaji, ambazo zinafagia mizoga hiyo na kuziita seli za kujenga nyama na mishipa mipya. Steroidi inazizuia seli nyeupe hizo kuingia, na ujenzi wenyewe inaupunguza kasi. Mimi niliwafukuza vibarua asubuhi ya kwanza, halafu nikakaa kusubiri nyumba isimame.

(Kama umeandikiwa steroidi kwa pumu au maradhi mengine, usiziache kienyeji. Mwambie tu daktari kwamba una kidonda.)

Kwa hiyo jua kuutofautisha uvimbe. Wa kazi, yaani wa kuponya, unapanda siku mbili tatu, kisha unashuka wenyewe. Chukua kalamu, zungushia ule wekundu. Ukivuka mstari, maumivu yakazidi badala ya kupungua, michirizi myekundu ikapanda mguuni, au mtoki ukauma na homa juu, acha jembe nenda zahanati siku hiyohiyo.

Pima sukari pia, hata kama unajiona mzima. Sukari ikiwa juu zile seli nyeupe zinapigana kivivu, na mguu ukishakufa ganzi hutajua hata umekatwa saa ngapi. Sigara inabana mishipa, punguza au acha. Mlenda na ugali siwezi kuugusa, ndio uliotulea, ila ongeza maharage, karanga, yai ukipata. Nyama mpya haijengwi kwa ugali mtupu.

Nzi wafukuze, kidonda kikae kimefunikwa. Watoto wasibandue magamba. Panga usiliegemeze mlangoni, usifyeke giza likishaingia, na ukikopesha jembe angalia mpini kwanza, maana hawa majirani zetu...