Kuonyesha nyumba za Kijapani ndani ya nyumba ya mawe Lamu

Picha za majengo zikiwa ukutani tu huchosha upesi. Mtu wa Mkomani, mtaa wa mji wa kale wa Lamu, anaijua nyumba yake kwa hatua za miguu. Mpe kipimo cha kulinganisha nyumba ya Kijapani na yake, atakaa. Kwa hiyo anza na sakafu, kuta ziwe baadaye.

Nyumba mbili zatosha. Ya kwanza ni Kokusai Bunka Kaikan, yaani Nyumba ya Kimataifa ya Japani, huko Roppongi, Tokyo. Taasisi ilianzishwa 1952, mwanahabari Matsumoto Shigeharu akishirikiana na tajiri Mmarekani John D. Rockefeller III, na jengo likakamilika 1955. Bustani yake ni kongwe kuliko jengo: ni kazi ya Ogawa Jihei wa saba, fundi wa bustani. Ya pili ni Shofuso, iliyojengwa Nagoya 1953, ikafunguliwa vipande na kusafirishwa hadi New York, ambako ilionyeshwa 1954 katika ua wa Jumba la Sanaa za Kisasa. Tangu 1958 iko Philadelphia.

Maandishi ya chini ya picha ndiyo huharibika zaidi. Wasanifu wa Roppongi ni watatu: Maekawa Kunio, Sakakura Junzo na Yoshimura Junzo. Wajapani hutanguliza jina la ukoo, hivyo ukiandika "Junzo" pekee umewafanya watu wawili kuwa mmoja. Maekawa na Sakakura walifanya kazi kwa msanifu Le Corbusier, Paris. Yoshimura kwa msanifu Antonin Raymond, Tokyo. Shofuso ni ya Yoshimura, na pia jengo la Japan Society la New York, 1971. Jambo jingine: jengo la Roppongi ni la zege. Usiliite nyumba ya kienyeji. Ya mbao na tatami, yaani mikeka minene ya sakafuni, ni Shofuso.

Sasa sakafu. Tatami ya vipimo vya Tokyo ni kama sentimita 88 kwa 176 (ya Kyoto ni kubwa zaidi, 95.5 kwa 191, basi shika moja usichanganye). Chumba cha tatami nane ni mraba wa sentimita 352. Uchore kwa chaki kiwandani, yaani katika ua wa ndani, kisha upange hivi kwenye mchoro: mbili katikati, zimesimama (urefu wake juu-chini) ubavu kwa ubavu, moja imelala juu yake na moja chini yake, na kila upande mbili zimesimama, moja ikiifuata nyingine. Kagua pembe. Pembe nne zisikutane mahali pamoja, kwani kwa Wajapani mpango huo ni wa nuksi. Ukiona msalaba popote, zile mbili za katikati umezilaza.

Kando yake chora msana wa hapa, yaani chumba kirefu chembamba kinachofungukia kiwanda, upana wa sentimita 280 hivi. Wageni watauliza wenyewe kwa nini wetu ni mwembamba. Jibu liko juu ya vichwa vyao: boriti za mkoko ndizo zinazobeba dari ya mawe na chokaa, na urefu wake ndio hukata upana wa chumba. Ukiwa na mikeka ya ukindu, itandike juu ya mistari, na viatu vibaki dakani, kwenye baraza ya mlangoni. Hilo halihitaji kufafanuliwa, si kwa Wajapani wala si kwetu.

Kuta za chokaa usizipigie misumari: lipu hubomoka, na nyumba za mji wa kale zina ulinzi wake. Selotepu nayo hubanduka usiku mmoja. Funga fito chini ya boriti kwa kamba, uning'inize picha kwa uzi wa kuvulia, katikati ya picha iwe sentimita 145 kutoka sakafuni. Acha sentimita 5 kati ya picha na ukuta. Mawe ya matumbawe hutoa unyevu, na karatasi iliyogusana nayo hupinda. Zidaka, vile vishubaka vya ukutani, ziachie vitu vyake.

Picha zilizochapishwa Mombasa zisafirishwe bapa kati ya vipande viwili vya mbao nyembamba, zikiwa zimefungwa nailoni mara mbili. Kutoka Mokowe, bandari ya bara, hadi gatini Lamu maji hurukia ndani ya boti, hasa wakati wa kusi, na picha iliyoviringishwa hukataa kunyooka.